Teodosia arudisha utani bandani, korosho zatoka nzima

SAA mbili asubuhi, banda la kubangulia korosho la kikundi cha akina mama wa Nkowe, wilayani Ruangwa, lina kelele kama gulio. Mashine kumi na moja zinagonga, akina mama ishirini na wawili wanabangua na kuchekana, na katikati yao anazunguka msimamizi wao, Teodosia Mnali (41), macho yakiwa mlangoni.

Anamsubiri mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Mwezi uliopita mnunuzi huyo alikuta katika kila korosho mia, nzima ni sitini na mbili tu. Akasema akirudi asipokuta themanini, hanunui tena. Leo ndiyo siku yenyewe. Akiondoka mikono mitupu, banda linafungwa na akina mama wote wanarudi kwenye vibarua vya mashambani.

"Kosa lilikuwa langu," anasema Teodosia bila kuficha. "Nililibeba mwenyewe kutoka Nachingwea."

Kila Jumamosi hupanda gari kwenda Nachingwea kusomea cheti cha uongozi wa biashara. Huko alikutana na nadharia za usimamizi, akazipenda kweli kweli. Kuna ya kisayansi: pima kila tendo kwa saa, tafuta njia moja iliyo bora, wote waifuate. Kuna ya urasimu: kanuni ziandikwe, na zisivunjwe.

Basi akarudi bandani, akatoa simu, akapima. Akaona dakika nyingi zinaliwa na utani, maana Wayao na Wamakua wa hapa ni watani, na mtani akivunja korosho hapumui mpaka jioni. Akabandika karatasi ukutani: kazini hakuna utani. Watani akawatenganisha, wepesi akawakalisha na wepesi.

Loo! Banda likanyamaza kama chumba cha mtihani. Kasi ikapanda, Teodosia akatamba. Kumbe korosho zinavunjika na hakuna anayesema.

Mashine moja hukaliwa na wawili: mmoja anakata ganda, mwenzake anachokoa kiini. Mkataji akiharibu, mwenzake ndiye wa kwanza kuona. Shakila, Myao aliyebangua kwa miaka tisa, ndiye aliyemweleza kwa nini hawasemi.

"Dada Teo, mtu nisiye na utani naye nitamwambiaje kazi yake mbaya? Ataona namtukana."

Teodosia akalifungua tena daftari lake. Ilikuwemo nadharia ya tatu, ya mahusiano ya kibinadamu, inayosema mfanyakazi si mashine na kundi lake ndilo linalomsukuma. Anakiri aliisoma ili afaulu tu. Akaibandua karatasi, watani wakarudi pamoja. Kupima kwa saa amekubakiza kwenye kuchemsha korosho kabla ya kubanguliwa, ambako kunasaidia hasa.

Akabaki Minza, wa familia ya wafugaji Wasukuma waliohamia juzi juzi. Huyu hakuwa na mtani hata mmoja. Marselina, Mmakua mwenye mdomo wake, akatangaza kuwa kuanzia siku hiyo Wasukuma ni watani zake, akamuuliza Minza kama kukata amefundishwa na ng'ombe. Siku ya tatu Minza akajibu, na banda zima likashika mbavu.

Saa nne mnunuzi anaingia. Anachota korosho mia, anazimwaga mezani, anahesabu. Teodosia ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

Nzima ni themanini na sita!

Marselina anapiga kigelegele. Minza anamgeukia na kumwambia taratibu: "Zile kumi na nne zilizovunjika ni zako." Hata mnunuzi anacheka, kisha anaomba magunia yapakiwe.

Teodosia machozi yanamtoka na hajali. Akimaliza cheti anataka kuendelea na stashahada, na kabla ya hapo ana kazi ya darasani ya kuandika kuhusu nadharia moja ya usimamizi.

"Zote nilizosoma naona ziliandikwa na watu wasio na watani," anasema. "Ya kwetu sijaiona popote. Jumamosi naanza kuiandika."