Glasi ya Lorne

Dulcie Trevaskis hakuwa mtu wa mzaha na petroli. Tangu usichana wake, alipokuwa akifungua injini za ndege za kunyunyizia dawa mashamba ya ngano huku wanaume wa karakana wakimwuliza kama amepotea njia ya jikoni, jambo moja lilimkaa kichwani. Ndege kuukuu ina tangi kuukuu. Mpira wa kizibo hukauka na kupasuka, mvua ikapenya, na maji kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hujikalia chini kimya. Siku injini ikiyavuta, inazima, na rubani yuko juu ya miti. Kwa hiyo kabla ya kila safari lazima mtu aingie chini ya tumbo la ndege, afungue kibomba, akinge petroli kidogo kwenye glasi na kuitazama kwenye mwanga. Maji yakionekana, yanamwagwa mpaka yaishe, la sivyo hakuna kuruka.

Ndege yenyewe, nyekundu, ya turubai na mabomba ya chuma, ilimzidi yeye kwa umri. Aliinunua pamoja na Lorne Pfitzner, mfuga kondoo, rafiki yake wa miaka mingi, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao ya kuruka pale uwanja wa ndege wa Wirrabie. Kisha magoti yakamkataa Dulcie, akawa hawezi tena kuchuchumaa.

"Bosi, kaa hapo unywe chai," Lorne alimwambia. "Huko tumboni niachie mimi."

"Usinivunjie kibomba changu."

"Chako! Nusu yako, nusu yangu. Nusu yangu ndiyo inayovuja."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi Lorne alizunguka upande wa pili, akainama nyuma ya gurudumu, akaguna kidogo, akatokea na glasi ameinyanyua, petroli ya ndege, iliyotiwa rangi ya samawati, imetakata. "Safi kabisa, bibie. Ningekuwa na mtoto mchanga ningemwogeshea humu." Dulcie aliitazama, akaridhika. Yeye ambaye hakumwamini hata kaka yake na spana, Lorne alimwamini kama macho yake mwenyewe. Mume wake alipofariki, watu walileta keki na maneno; Lorne alileta shoka, akampasulia kuni majira yote ya baridi bila kuombwa.

Jumamosi iliyopita Dulcie alimpandisha dada yake, Vida, ambaye tangu azaliwe alikuwa hajawahi kukubali kuingia kwenye kitu kidogo namna ile. "Kama Lorne amekagua, basi," Vida alisema. Lorne mwenyewe alimfunga mkanda, akamtania kwamba asipige kelele, kondoo watashtuka. Dada hao wawili walizunguka juu ya ziwa la chumvi, Vida akashuka analia kwa furaha.

Leo Lorne alichelewa. Dulcie alingoja, akachoka. Akatupa mto chini, akashika gurudumu na kujishusha polepole huku akiyatukana magoti yake moja moja.

Kibomba hakikuonekana. Mahali pake palikuwa na donge la udongo kubwa kama ngumi, limekauka kama tofali. Nyigu walikuwa wamejenga hapo, wamelea watoto, wameondoka na kuacha matundu. Nyumba ile haikuwa ya jana wala ya juzi. Hakuna aliyekifungua kibomba kile wiki iliyopita.

Alilibomoa kwa bisibisi, akakinga glasi. Kilichotoka kwanza hakikuwa na rangi. Alikimwaga, akakinga tena, bado maji. Mara ya tatu ndipo samawati ikaanza kuelea juu, maji yamejaza nusu ya chini.

"Pai za nyama hizi hapa!" Lorne aliingia na mfuko wa karatasi. "Samahani, bosi, duka la..." Akamwona alivyokaa chini, akaiona glasi.

"Petroli uliyokuwa ukinionyesha ulikuwa unaitoa wapi, Lorne?"

Macho ya Lorne yakaenda, yenyewe tu, kwenye dumu la petroli safi lililokuwa pembeni ya banda la ndege.

"Mgongo," alisema mwishowe. "Tangu ule upasuaji siwezi kuingia huko chini. Wewe magoti, mimi mgongo, tungeonekana vikongwe wawili wa kuchekwa. Nikasema nitapona, wiki ijayo nitaingia."

"Ukanipiga changa la macho kila wiki."

"Hakuna aliyeumia, Dulcie."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma. Angemwelewa mzee mwenye mgongo mbovu anayetaka kufa na tai shingoni. Hata yeye alikuwa hivyo. Lakini sasa akawa anazikumbuka zile Jumamosi, na mafua ya Lorne, na kondoo wake waliokuwa hawaishi kuzaa, na sikio lililoziba, kila mara sababu ya yeye kubaki chini ndege ikiruka.

"Wewe mwenyewe umeruka lini mara ya mwisho?"

Lorne aliuweka mfuko wa pai juu ya bawa, akauondoa, akauweka tena.

"Nijibu."

"Kabla ya zile mvua."

"Uliogopa maji kwenye tangi."

"Niliogopa."

"Na Vida ukamfunga mkanda."

Hasira ilimpanda Dulcie mpaka akasahau magoti. Alisimama bila kushika kitu. Lorne alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza katika urafiki wao Dulcie hakuona haja ya kumwambia anyamaze.

"Kila wiki nilidhani utanishika," Lorne alisema. "Wewe fundi, Dulcie. Nilisema leo ataitazama ile glasi na kujua."

"Ningejuaje?" Dulcie alisema. "Nilikuwa sitazami glasi. Nilikuwa nakutazama wewe."

Akanyoosha mkono, akamwomba arudishe funguo zake za banda la ndege.