Mgongo wa Koku

Asubuhi ile mimi na Koku tulikuwa tunabishana kuhusu harufu. Ugomvi wenyewe ulikuwa ule wetu wa kila siku. Tungeukosa tungedhani mmoja wetu anaumwa. Tulikuwa kwenye stoo tuliyopanga katika mji mmoja wa mashariki mwa Kongo, katikati ya magunia ya dagaa tuliyosafirisha kutoka Mwanza. Kwetu dagaa hawanunuliwi kwa macho. Unazamisha mkono mpaka katikati ya gunia, unachota, unaweka puani na kuvuta pumzi mpaka ifike tumboni. Walionyeshewa mvua wakati wa kuanikwa watajisema wenyewe.

"Hawa wamenyeshewa," nilisema.

"Mama Sele, iliyonyeshewa ni pua yako!"

Koku akacheka. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mwenye kicheko cha kuwafanya sangara wa Ukerewe wageuke kuuliza kuna nini. Na kicheko hicho kilitoka kwenye kifua chenye pumu. Madaktari wote wa dunia wangekaa kikao juu yake na wasielewane.

Jirani yetu, muuza sabuni, akapita mbio akipiga milango ya maduka kwa kiganja.

"Bamama, mufunge! Banakuya!"

Hatukuuliza ni akina nani wanakuja. Kwa siku kadhaa watu walikuwa wakisema vita iko mbali, milimani. Tukafunga kwa komeo, tukalala chini nyuma ya magunia, mgongo kwa mgongo kwa sababu nafasi ilikuwa finyu.

Risasi zikasogea.

Vumbi la dagaa lilikuwa limejaa hewani. Nikasikia kifua cha Koku kinaanza kupiga filimbi. Dawa yake ya kupuliza tulikuwa tumeiacha gesti, mtaa wa pili.

"Pumua taratibu," nikamnong'oneza.

"Nyamaza wewe. Unatetemeka mpaka magunia yanasikia. Nifuate mimi."

Akaniegemea. Mgongo wake ukajaa, ukashuka polepole. Ukajaa tena, ukashuka. Nikaufuata, na mwili wangu ukaanza kutulia. Yeye aliyekosa hewa ndiye aliyenigawia.

Viatu.

Mtu akasukuma mlango. Komeo likashika.

Nikazuia pumzi.

Viatu vikasimama. Vikaondoka.

Nilipopumua, mgongo wa Koku haukupumua nami.

Tulimzika hukohuko, mimi na muuza sabuni na watu wachache, haraka, bila wimbo. Mama yake kule Kamachumu hana kaburi la kupalilia.

Nilirudi nyumbani Igoma, Mwanza. Miaka imepita, na kwa nje mimi ni yuleyule. Nimesoma shule ya jioni mpaka kidato cha nne. Ukija kwangu utaonyeshwa cheti kabla ya kupewa maji ya kunywa. Darasani niliwachekesha watu mpaka chaki zikavunjika. Nyumbani nilikaa na redio iliyozimwa, kwa sababu nilitaka kusikia kama kuna mtu anasukuma mlango.

Tena nilikuwa siwezi kunusa gunia. Nikiinamia dagaa tu, kifua kinafunga, pumzi inagoma. Nikaanza kununua kwa macho, na wauzaji wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, wakanibambikia kila dagaa aliyenyeshewa ziwa zima. Biashara hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua. Ikifa, sina kingine nilichobaki nacho cha mimi na Koku.

Ndipo nikaambiwa kuhusu Mama Grace, nesi mstaafu anayefundisha watu kupumua kwenye ukumbi mmoja huko Mkuyuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimesikia mnafundisha kupumua. Hata mbuzi anajua."

"Mbuzi hajaona ulichokiona wewe," alisema. "Kaa."

Tulilala kwenye mikeka, mkono juu ya tumbo. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kama unapuliza uji wa moto. Nilipuliza uji wa kulisha mkoa mzima. Usingizi ukarudi kidogo. Gunia bado.

Siku moja akasema tukae wawiliwawili, mgongo kwa mgongo, kila mmoja asikilize pumzi ya mwenzake. Wote wakapata wenzi. Nikabaki mimi. Nikafurahi, nikachukua viatu vyangu. Mama Grace akaja kukaa nyuma yangu yeye mwenyewe.

"Siwezi, mama."

"Hufanyi kitu. Nifuate tu."

Mgongo wake ukajaa. Nikazuia pumzi, nikasubiri usimame.

Haukusimama.

Ukashuka, ukajaa tena. Nikasubiri. Ukajaa tena. Kikanitoka kikohozi, halafu kilio ambacho sikukilia kule Kongo. Mama Grace hakugeuka. Aliendelea kupumua.

Sisemi nimepona. Kuna siku kifua bado kinafunga, na hapo naegemea ukuta wa chumba changu. Ukuta haujai wala haushuki, lakini napuliza uji wangu hivyohivyo.

Ila wiki iliyopita nilikwenda mwaloni asubuhi. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, akafungua gunia.

"Leo unanusa, mama? Umetuamkia vibaya!"

Nikazamisha mkono mpaka katikati. Nikachota. Pumzi ikaingia, ikafika tumboni. Nikaiacha itoke taratibu.

"Hawa wamenyeshewa," nikasema.

Nikasubiri mtu aniambie iliyonyeshewa ni pua yangu.

Muuzaji akatazama chini. "Kweli, mama. Wamenyeshewa."

Hakubisha hata kidogo.