Pua ya Hulda

Hulda Noske alipogoa mizabibu ya bonde la Barossa, Australia, kwa miaka arobaini, na pua yake ilisifika bonde zima. Kisha homa ya baridi ikaondoka na harufu zote. Kwa miezi minane kahawa ilikuwa maji ya moto tu. Jumapili hiyo alikwenda kwa shemeji yake, Gerhard, akiwa amejiapiza: leo ikishindikana, haonji tena divai.

Mchezo wa kuonja wa Gerhard na wageni wake ulikuwa ule ule. Chupa huvishwa soksi, watu husimama, na anayekosea kutaja ilikotoka huketi.

"Shemeji, kaa mapema uokoe magoti," Gerhard alimtania.

"Koma wewe! Mimina."

Ilikuwa divai nyeupe.

"Ya bonde la Clare au ya bonde la Eden?" Gerhard akauliza.

Wageni wengine wote wakasema Clare. Hulda akanusa, asipate kitu. Akatafuna kipande cha soseji ya moshi pamoja na tango la siki, polepole, kisha akapiga funda. Mafuta na chumvi vikayeyuka ulimini, na nyuma yake, taratibu, ikaja harufu ya ganda la ndimu. Halafu ya jiwe lililolowa mvua. Akaduwaa, machozi yakimlenga.

"Eden," akasema kwa sauti ndogo. "Kule juu kwenye baridi. Na soseji yako, Gerhard, umeitoa moshini kabla ya wakati."

Gerhard akavua soksi. Ilikuwa Eden. Wageni wengine wakaketi mmoja mmoja. Hulda akabaki amesimama peke yake, pua ndani ya glasi, akinusa tena na tena.