Jembe Lisilo na Mpini

Kila redio inapotangaza kwamba mheshimiwa fulani amehama chama akiwa bado na kiti chake, mimi huguna. Wajukuu zangu wamezoea. Wanasema bibi hapendi vigeugeu, na mmoja wao huigiza mguno wangu vizuri kuliko ninavyouguna mwenyewe. Nawaacha wacheke. Mume wangu alikuwa mmoja wa hao, na hakuwa kigeugeu hata kidogo.

Tulikaa Itetemia wakati bendera ya Mwingereza ingali inapepea juu ya ofisi ya Bwana Diisii, mkuu wa wilaya, pale Tabora. Mume wangu alikuwa seremala. Mabenchi ya kanisa letu la Wamoravian alikuwa ameyachonga yeye, na mipini ya majembe ya nusu ya jirani zetu ilitoka mikononi mwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kuuliza jambo mara mbili kabla ya kukata ubao. Tabia hiyo ilinichosha sana. Mimi nilikuwa na ulimi mwepesi na haraka ya kila kitu, na nilimwona mzito.

Vyama vya siasa vilivyofika kwetu vilikuwa viwili. Majina yao yalikuwa marefu, kwa hiyo tuliviita kwa mahali vilipokutania. Chama cha Stesheni kilikuwa na walimu, makarani na watu wa karibu na mtemi, na kilisema twende polepole. Chama cha Kanyenye kilikutana nyuma ya duka la cherehani, nacho kilisema tumeshakwenda polepole vya kutosha. Chama cha Stesheni ndicho kilichomwomba mume wangu asimame agombee kiti chetu katika baraza la wilaya. Siku ya kuchagua, watu walijipanga mstari nyuma ya mtu waliyemtaka, na mstari wa mume wangu ulizunguka uwanja wa shule hadi kwenye mlango wa darasa.

Walipokwisha kuhesabu, bibi mmoja jirani yetu alitoka nyumbani kwake na jembe. Bibi huyu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale mtaani, na baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani. Lile jembe, alivyokuwa akitusimulia, lilikwenda pwani na kurudi begani mwa baba yake bila kuuzwa. Lilikuwa chuma kitupu, kipana, bila mpini.

Kwetu Unyamwezi wa zamani jembe la namna hiyo lilikuwa la posa. Lenye mpini ni la kulimia, lisilo na mpini linabeba neno kati ya nyumba na nyumba. Likipokelewa, watu wamekubaliana. Wakishindwana, linarudi kwenye mlango lililotokea, na kila mtu anajua kwamba neno limerudi. Bibi alimkabidhi mume wangu kwa mikono miwili.

"Leo tunakuoza kwa baraza," alisema. "Ukichoka na ndoa hii, usitoroke. Njoo nalo hapa, useme."

Watu walicheka na kupiga vigelegele. Mume wangu alilipeleka nyumbani akaliweka juu ya kabati alilonichongea tulipooana.

Mvua zilipoanza, jembe langu lilikuwa limelika hadi kubaki kama upawa. Nililima siku mbili mgongo ukaniuma, nikarudi nyumbani na hasira, nikakitazama kile chuma kizuri kimekaa juu ya kabati kikipata vumbi. Nikamwambia mume wangu alitie mpini.

"Hili si la kulimia," alisema.

"Jembe ni jembe. Chuma hakijui siasa."

Alikaa siku tatu. Nilimsumbua asubuhi na jioni, nikamwambia kwamba mke wa seremala na mheshimiwa analima na upawa, watu watamcheka yeye si mimi. Siku ya nne alichonga mpini wa mti mgumu, akaupitisha kwenye moto, akaukaza. Sitasema uongo: sijawahi kulima na jembe tamu kama lile. Karanga zangu mwaka ule zilikuwa mistari ya kupendeza, na nilijisikia mwanamke mwenye bahati.

Katika baraza mambo hayakuwa matamu. Ilikuja amri ya kupunguza ng'ombe. Mume wangu aliona kwamba amri ile ingewaumiza wenye ng'ombe wawili watatu na kuwaacha wenye makundi, akataka kusema hivyo. Wakubwa wa Chama cha Stesheni walimwambia anyamaze, kwamba mtemi ameshakubali na Diisii ameshaandika. Alinyamaza mara hiyo. Alirudi nyumbani siku hiyo na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akakaa juu ya gogo la kuchongea bila kushika randa. Niliona aibu usoni mwake na nikamhurumia.

Wakati huohuo watu wetu wenyewe walikuwa wanahama. Walikwenda mmojammoja nyuma ya duka la cherehani wakarudi na kadi. Mwingine aliificha kadi ndani ya Biblia, mwingine kwenye kilemba. Kufikia mwisho wa mvua, hata yule bibi alikuwa na kadi ya Kanyenye ndani ya kopo la majani ya chai. Mume wangu peke yake ndiye aliyebaki Stesheni, akiwakilisha watu ambao hawakuwapo tena huko.

Siku moja nilikuwa nachekecha unga. Alikuja akasimama mlangoni.

"Nimeamua kuhamia Kanyenye," alisema. "Lakini nafikiri niwaite watu kwanza. Nirudishe lile jembe, niwaulize."

Nilicheka. Jembe lilikuwa shambani kwangu, lina udongo hadi shingoni.

"Utawauliza nini watu ambao wamekutangulia? Wote wana kadi. Utaonekana mjinga. Nenda kahame, urudi ule."

Akauliza tena, kama kawaida yake. Nikamjibu vilevile, na safari hii kwa ukali.

Alihama wiki iliyofuata. Katika mkutano wa baraza alinyanyua kiti chake upande wa Stesheni akakiweka upande wa pili, akasema kuhusu ng'ombe yote aliyokuwa ameyameza. Habari zilifika Itetemia kabla ya baiskeli yake. Mimi nilisubiri vigelegele. Nilikuwa hata nimekwishatenga kuku.

Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyetukana pia. Jirani walitusalimu, tukawasalimu, wakauliza habari za mtoto wetu mchanga. Nilidhani wamechoka na kazi za mavuno.

Kisha ukafika wakati wa kupura mtama. Kwetu mtu hapuri peke yake. Jirani wote wanakusanyika na fimbo zao kwenye uwanja wa nyumba moja, wanapiga kwa wimbo hadi mtama wote uanguke, kesho wanahamia nyumba inayofuata, na mwenye nyumba anawapa pombe, au togwa kama ni Mmoravian. Walianza upande wa mashariki. Walipura nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyumba yetu ilikuwa ya nne. Nikapika togwa ya mtungi mzima. Asubuhi nilisikia fimbo zinalia kwenye nyumba ya tano.

Nilisimama uwanjani nikiwa na ufagio mkononi. Mtu ambaye hakuzaliwa kwetu anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini nyumba inayorukwa wakati wa kupura itarukwa pia wakati wa kuezeka, na wakati wa msiba watu watafika wakae mbali kidogo, waondoke mapema. Niliogopa. Togwa ile haikupata mnywaji, ikachachuka mtungini.

Tulipura wenyewe, mimi na yeye, siku mbili. Watu wawili hawawezi kupura mtama wa mwaka. Viganja vyangu vilipasuka, na mchwa walishaanza kupanda kwenye lundo kutoka chini. Mume wangu hakunilaumu kwa neno moja. Nilitamani anilaumu ili nipate la kujibu.

Aliyetuambia ukweli alikuwa mtani wetu, mama mmoja wa Kigogo aliyeolewa karibu na sisi. Wagogo na sisi tuna utani wa tangu misafara, na mtani ana ruhusa ya kusema yale ambayo jirani mwingine atayaficha. Alipita na ungo wake kichwani, akasimama kututazama jinsi tunavyohangaika.

"Nyinyi Wanyamwezi mna mambo," alisema. "Mwanamume kaacha mke, kaoa mwingine, na posa ya mke wa kwanza mnalimia karanga. Hata sisi Wagogo mnaotusema hatuna adabu, tungelirudisha."

"Lakini wote wamehamia Kanyenye," nilimjibu. "Wanatuona na kosa gani?"

"Nani kakwambia wanaigombea Stesheni? Stesheni hakuna anayeitaka. Wanangoja jembe."

Alikwenda zake. Mume wangu aliweka fimbo chini. Aliingia ndani, akachukua jembe, akaupiga mpini kwa nyundo kutoka nyuma hadi ukachomoka. Alikisugua chuma kwa majivu na mchanga mchana kutwa. Kutu ilitoka na udongo ulitoka, ila makali yalikuwa yamelika upande mmoja, ule upande wa mkono wangu wa kulia, na hakuna majivu ya kurudisha hilo.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwa bibi. Habari ilikuwa imetembea, watu wamejaa uwanjani kwake, wanaume kwenye viti na sisi wanawake kwenye mikeka. Mume wangu alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini?"

Alimpa jembe kwa mikono miwili. Bibi macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo alilipapasa. Kidole chake kilikwenda taratibu kwenye ukingo, kikafika pale palipolika, kikasimama.

"Limelimiwa," alisema. "Nani alilitia mpini?"

"Seremala ni mimi, bibi."

Wanawake wawili walinitazama. Nilitazama mkeka.

"Haya. Na kuhama, hatukukuzuia. Sisi tulihama kabla yako. Lakini sisi tulikwenda kila mtu kwa miguu yake. Wewe ulikwenda na miguu yetu wote, na hukutuambia. Nani alikwambia hatuna haja ya kuulizwa?"

  Mume wangu angeweza kugeuka tu anitazame. Hakuhitaji hata kusema, angegeuka wangeelewa, kwa sababu ulimi wangu walikuwa wanaujua mtaa mzima.

"Nilijiambia mwenyewe," alisema.

Bibi alitikisa kichwa. Alisema neno limerudi, na kiti akipeleke kwa Diisii, watachagua mwingine. Mume wangu alikubali. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza urefu wa ubao, kama angekuja kwanza na kuomba, wangemjibu nini.

"Tungekwambia nenda," alisema bibi. "Kabla hujamaliza kusema. Wewe ndiye tuliyekutaka."

Niliona mabega ya mume wangu yakishuka. Mzee mmoja alikohoa.

Njia nzima ya kurudi nilitembea nyuma yake nikiwa nimembeba mtoto. Nilingoja aseme sasa, tukiwa peke yetu. Tulipofika kwenye kona ya kanisa alisema, "Kesho wanakuja kupura. Andaa togwa." Nikasema ndiyo. Kiti alikirudisha wiki hiyo, na wakachagua mtu mwingine, fundi wa cherehani, ambaye alikuwa mtu mzuri tu, mwenye kupenda kusikia sauti yake. Jembe lilipata mlango mwingine.

Walikuja kweli, asubuhi na mapema, na fimbo zao. "Mwangaluka," waliita kutoka njiani, nasi tukawaitikia salamu hiyo ya asubuhi. Uwanja wetu ulijaa, wimbo ukaanza, mtama ukaanguka. Nilizunguka na kibuyu cha togwa nikiwagawia. Kila mwanamke aliyepokea alinishukuru, na kila aliponishukuru nilitaka kusema, ni mimi. Mimi ndiye niliyetaka mpini. Mimi ndiye niliyemcheka aliposimama mlangoni, nikiwa na chekeche mkononi. Nilimgawia hata bibi, naye akasema togwa yangu ni nzuri.

Sikusema siku ile, na sikusema hata siku ya kumzika bibi. Mume wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akachonga mabenchi na vitanda na majeneza, na hakuna siku moja aliyolitaja jambo hilo, hata tulipogombana. Mpini ule alikuwa ameuweka ndani ya sanduku lake la vifaa. Nilikuwa nikiuona kila nilipofagia karakana. Tulipomzika, mtu alisimama kanisani akamsifu vizuri, kisha akasema kwamba marehemu alikuwa na kosa moja tu maishani, aliwahi kuhama bila kuwauliza waliomtuma. Watu wakaitikia kwa huruma. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, alilolichonga mwenyewe, na nikaitikia nao.

Kwa hiyo redio ikitangaza, mimi huguna, na wajukuu hucheka wakidhani namgunia mheshimiwa.