Ubishi wa Chapati Saluni

Jumamosi nilikaa katika saluni moja ya Ziwani nikimsubiri binti yangu asukwe. Kando yetu marafiki watatu walikuwa wakibishana kuhusu chapati. Mmoja alishikilia kwamba unga hukandwa kwa maji moto. Mwenzake, mwenye kope bandia ndefu, akasema huo ni uvivu. Wa tatu, aliyekaa mbele ya kioo, alicheka tu.

Kisha akafungua kitambaa alichojifunga kichwani. Nywele zilikuwa zimebaki mabaka mabaka.

"Ni dawa za hospitali," akamwambia msusi. "Nyoa zote."

Mashine ilipoanza kunguruma, saluni nzima ikanyamaza. Mimi nikajifanya nasoma simu. Mwenye kope akaziba mdomo kwa kiganja.

Yule mgonjwa akawatazama kupitia kioo. "Mbona mmenyamaza? Hii si matanga. Haya, mafuta mnatia kabla ya kukanda ama baada?"

Mwenye kope akaondoa kiganja mdomoni. "Baada, manze," akasema. "Nani hutia kabla?"

"Mamangu," akajibu yule wa maji moto, "na Krismasi ulikula chapati zake zote!"

Msusi naye akaingilia. Nywele ziliisha kabla ya ubishi.

Mgonjwa akapapasa kichwa chake, akajigeuza huku na huku. "Sasa twendeni soko la Burma. Nina hamu ya nyama."

Mimi hapo ningetafuta maneno mazito ya kumfariji, na ningeyakosa. Kumbe alichotaka ni kelele, na marafiki zake walikuwa nazo tele.