Walioachwa kwenye Orodha ya Likunja

Zamani karani aliita jina la mkulima akasubiri mwenyewe aitike. Siku hizi majina yanapitiwa na amri za kompyuta, na aliyerukwa hana pa kuitikia.

Sikuzani ni mzaliwa wa Likunja, mtoto pekee wa Saada. Kuandika amri hizo alijifunza mwenyewe, kwa simu, akiwa amepanga chumba Nachingwea. Kwa hilo simlaumu; na mimi nilisoma bila mwalimu. Chama chetu cha wakulima kilipoachana na makaratasi, kilimpa yeye kazi ya kutengeneza ukurasa wa mtandaoni wa mgao wa salfa, dawa ya mikorosho. Mimi niliyekuwa karani miaka ishirini na mbili, hakuna aliyeniuliza tulikuwa tukiitaje.

Mwaka huu tulisubiri watu mia moja na ishirini. Aliagiza kompyuta ipite mstari kwa mstari, kila jina ilitoe kwa wanaosubiri na kulipeleka kwa wanaopewa. Ilimaliza kufumba na kufumbua. Lori likashusha mifuko ya watu sitini tu waliotokea kwenye orodha ya wanaopewa, iliyobaki ikapelekwa kijiji cha Chinongwe. Saada hakupata. Jirani yake Augustino akamtania kwamba mwanawe kamruka hata mama mzazi. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake Sikuzani alinijia na simu mkononi. Akanisomea amri zake, nikamwomba arudie.

"Foleni yako inasogea," nikamwambia. "Ukimtoa wa kwanza, wa pili anaingia nafasi yake. Wewe umeshakwenda kutazama nafasi ya pili. Aliyesogea humwoni tena; kila wa pili anarukwa."

"Sasa nyie mlifanyaje, babu?"

"Tulianzia mkiani. Akitoka wa mwisho, hasogei mtu."

Alikaa chini pale mlangoni. Aliigeuza amri papo hapo, ikapita bila kuruka mtu, lakini dawa haikuwapo tena. Viongozi walisema tungoje msimu ujao, kana kwamba ugonjwa wa ubwiriunga nao unangoja. Maua ya mikorosho ya Saada yalifunikwa na weupe kama wa unga, kisha yakakauka yakawa meusi. Hawana shamba jingine.

Mara ya mwisho niliwaona asubuhi moja ya Agosti, kwenye njia ya Kilimarondo, majembe begani, wanakwenda kutafuta kibarua cha kusafisha mashamba ya watu. Sikuzani aliniamkia. Saada alipita bila kugeuka.