Seremala Aliyebebwa

Seremala wa mtaa wetu huupapasa ubao kwa kidole gumba kabla ya kuukata, taratibu, kama mtu anayeamsha mtoto. Mwaka ule wa maradhi alitengeneza majeneza ya nusu ya mtaa. Akina mama wa maombi walipopita kumwombea, aliwajibu bila kuinua uso, "Nyinyi ombeni, mimi nipige misumari. Kila mtu na kazi yake." Kisha mkewe akafa. Alizipima mbao mwenyewe, akashika nyundo, mikono ikamgomea. Akina mama wale wale wakaingia karakanani bila kuitwa. "Kaa, fundi," mkubwa wao akamwambia. "Leo tupo sisi." Wakapigilia huku wakiimba kwa sauti ya chini, misumari ikaenda upande. Yeye, asiyevumilia msumari uliopinda, hakung'oa hata mmoja.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani. Baada ya wiki chache alikuwa katikati, na mikono yake mikavu ilikuwa imejifunza kufungua Biblia bila kuchana kurasa. Leo asubuhi aliingia mtoni, maji yakamfika kifuani. Mchungaji akamuuliza, "Unaamini?" Akajibu kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wakifua nguo ng'ambo, "Naamini. Nilianguka, mama zangu hawa wakanibeba. Sasa namjua aliyewatuma." Akazamishwa, akaibuka akicheka, na akina mama wakajitosa majini na nguo zao kumpokea, vigelegele vikipaa juu ya mto mzima.